Nafsi Moja kwa Watu Wote: Safari ya "Sich" Kutoka Posen Hadi Gikondo

Kwa miaka mingi maonyesho makubwa ya biashara ya Rwanda, ambayo wakazi wa Kigali huyaita Expo tu, yamefanyika Gikondo, katika Wilaya ya Kicukiro, juu ya bonde ambalo viwanda vyake vilihamishwa ili ardhi oevu ipate kupumua tena. Ukitaka neno moja la Kinyarwanda la kueleza roho ya shughuli kama hiyo, neno hilo ni kwihangira imirimo, yaani mtu kujibunia kazi na kuwa bwana wa riziki yake. Mzizi wake ni wa guhanga, kubuni. -Ir- inasema kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya fulani. Na ile i iliyojibana mbele ya mzizi inasema kwamba fulani huyo ni yuleyule anayebuni. Kiswahili kina kujiajiri. Kijerumani kina sich selbständig machen, kujifanya mtu anayesimama mwenyewe. Wazo ni moja, ila Kijerumani cha shuleni kina masharti yake. Sisi tunasema ninajiajiri, unajiajiri, tunajiajiri, wanajiajiri, na ji haiondoki mahali pake. Mnyarwanda naye husema ndihangira, urihangira, turihangira, na i ni ileile. Mjerumani sharti abadilishe: ich mache mich, du machst dich, wir machen uns, ihr macht euch. Ile sich yenyewe hungoja mpaka aje mtu wa tatu. Mwanafunzi wa Kigali akisema ich freue sich badala ya ich freue mich, yaani nimefurahi, husahihishwa papo hapo, na mwalimu ana haki ya kumsahihisha. Haki asiyokuwa nayo ni ya kusema kwamba kosa hilo linapingana na mantiki, au na tabia ya lugha za Kijerumani. Historia ya sich inaonyesha kwamba sheria hiyo ni kituo kimoja tu njiani, na kwamba wasemaji wengi wa lahaja za Kijerumani wamekwisha kukipita, wakielekea pale ambapo lugha za Kibantu zimekaa tangu zamani.

Mji wa Kigali wenyewe unatupa uzi wa kuufuata. Mwanzilishi wake upande wa utawala wa kikoloni, Richard Kandt, alijenga makao yake Nyarugenge kuanzia mwaka 1907 akiwa Residenti wa Ujerumani nchini Rwanda, na nyumba inayobeba jina lake sasa ni makumbusho. Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen, uliokuwa chini ya Prussia na leo ni Poznań ya Poland, katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Kantorowicz. Huko Posen Kijerumani na Kipolandi viliishi jirani, na Wayahudi wa eneo hilo walikuwa wamehamia Kijerumani katika karne ileile ya 19 wakitoka katika Kiyidi cha mababu zao. Kandt alisomea udaktari Würzburg na München, akawa tabibu wa magonjwa ya akili, kisha akaifuata Afrika kutafuta chanzo cha Nile. Alifika Rwanda mwaka 1898, na kitabu chake Caput Nili kikatoka mwaka 1904. Sina haja ya kumpamba awe mwanaisimu. Alikuwa daktari, msafiri na mtawala wa kikoloni, na utawala wake ulisimama juu ya bunduki za jeshi la Schutztruppe na juu ya maelewano na mwami Yuhi V Musinga. Ninachokiazima kwake ni njia aliyopita tu. Posen, München, Kigali: katika kila kituo hicho watu walikuwa na jibu lao kwa swali la namna kitendo kinavyomrudia mtendaji, na majibu hayo matatu, yakipangwa pamoja, yanaeleza karibu historia yote.

Tuanze mbali zaidi. Maandishi marefu ya kale kuliko yote katika jamii ya lugha za Kijerumani ni tafsiri ya Biblia kwa Kigothi, kazi ya askofu Wulfila katika karne ya 4. Kigothi kilikuwa na seti kamili ya maneno ya kujirejelea kwa mtu wa tatu: sik kwa anayetendwa, sis kwa anayetendewa, seina kwa umilikaji. Karne chache baadaye, katika Kijerumani cha Juu cha Kale, seti hiyo imevunjika. Sih imebaki kwa anayetendwa, lakini lile la anayetendewa limepotea, na mahali pake limekaa neno la kawaida la mtu wa tatu. Msomaji wa Kiswahili ataona ukubwa wa pengo hilo kwa mfano mmoja. Amejinunulia nguo na amemnunulia nguo ni habari mbili tofauti kabisa. Nyumba inaweza kuvunjika kati ya hiyo ji na hiyo m. Mjerumani wa Enzi za Kati alitamka neno moja kwa zote mbili, na msikilizaji akakisia kutokana na mazungumzo. Hata Martin Luther, alipotafsiri Biblia katika karne ya 16, alitumia ihm mahali ambapo Mjerumani wa leo angeandika sich bila kusita. Sich ya kutendewa iliingia katika Kijerumani sanifu polepole baada ya hapo, na lahaja za Bavaria hazikuisubiri: mpaka leo mzee wa kijijini huko akisema mtu "amejinunulia" nyumba, neno lake ni lile la "amemnunulia". Waingereza walipoteza zaidi. Kiingereza cha Kale hakikuwa tena na neno lolote la aina hii, ndiyo maana ilibidi waunge himself kutokana na vipande vingine. Waholanzi nao walitumia hem kwa muda mrefu, kisha wakaazima zich kutoka kwa jirani zao wa mashariki. Kifaa ambacho sarufi za shule hukieleza kama kiungo cha lazima cha fikra kimekuwa kikipotea, kikiazimwa na kushonwa upya ndani ya familia moja ya lugha, na hakuna Mwingereza aliyeacha kujiona kwenye kioo.

Upande mmoja basi ni wa kupoteza. Upande wa pili, ambao vitabu vya kufundishia huupita haraka, ni wa kutanuka. Huko Bavaria na Austria, katika mazungumzo ya kawaida, sich imevuka mpaka wa mtu wa tatu ikaingia kwa "sisi". Mtu wa Vienna atasema wir treffen sich akimaanisha tutakutana, ingawa sanifu inamtaka aseme wir treffen uns. Kandt alipokuwa mwanafunzi München aliishi katika mji ambao lahaja yake ni ya aina hiyo. Kiyidi, lugha iliyokua kutokana na lahaja za Kijerumani za Enzi za Kati midomoni mwa Wayahudi, kilimaliza safari nzima: ikh vash zikh, du vashst zikh, mir vashn zikh. Ninajiosha, unajiosha, tunajiosha, na zikh haigeuki kwa mtu yeyote. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lugha hiyo ilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10, na wengi wa Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler walikuwa wasemaji wake. Haikuwa lahaja ya pembeni iliyovunja sheria kwa kutojua. Ilikuwa na magazeti, tamthilia, riwaya na shule, na katika hayo yote nafsi zote zilitumia neno moja.

Mtaalamu atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba Kiyidi na lahaja za Bavaria na Austria zimekaa karibu na Waslavi, na lugha za Kislavi zina neno moja la kujirejelea kwa nafsi zote. Kipolandi kina się: myję się, najiosha, myjesz się, unajiosha, myjemy się, tunajiosha. Kwa hiyo, atasema, tunachokiona ni uambukizo kutoka kwa jirani, na hakithibitishi lolote juu ya Kijerumani chenyewe. Kuhusu Kiyidi nakubali kwamba ujirani ulisukuma, na pengine ulisukuma sana. Lakini mlango usiotaka kufunguka haufunguliwi kwa kusukumwa kidogo. Zaidi ya hayo, mabadiliko hayahaya yametokea mahali ambapo hakuna Mslavi. Kusini mwa Uswisi ya mashariki, katika bonde la Rhein ya juu, watu wanaosema Kiromanshi cha Surselva wamelifanya se la Kilatini kuwa kiambishi kilichogandamana na kitenzi kwa nafsi zote: jeu selavel, najiosha; nus selavein, tunajiosha. Se ya Kilatini ilikuwa ya mtu wa tatu peke yake, kama sich ya sanifu. Kaskazini, watu wa Skandinavia waliichukua sik yao ya kale wakaibana nyuma ya kitenzi mpaka ikabaki s tupu, na sasa Mswidi akiagana na mwenzake husema vi ses, tutaonana, akiwa ameweka ndani ya "sisi" mabaki ya neno lililokuwa la "yeye" na "wao". Hata Kifaransa, ambacho Wanyarwanda wamekijua kwa vizazi kadhaa, kina njia yake ya mkato: badala ya nous nous voyons, watu husema on se voit, na kila mtu anaelewa kwamba on hiyo ni sisi. Lugha tatu zisizo na jirani mmoja wa kulaumiwa zimefuata mteremko uleule. Wanaisimu wengi huenda mbali zaidi, wakiona kwamba mzazi wa kale wa lugha hizi zote za Ulaya alikuwa na neno la kujirejelea lisilobagua nafsi, kwa hiyo Waslavi walilitunza, na Kilatini na Kijerumani ndivyo vilivyolibana. Wakiwa sahihi, Mbavaria anayeambiwa anaharibu lugha anarudia desturi iliyo ya kale kuliko Kijerumani chenyewe.

Sasa Kigali. Wakati Kandt anapanda mlima wa Nyarugenge, Wajerumani wenzake walikuwa wameshughulika na lugha za Kibantu kwa zaidi ya nusu karne. Johann Ludwig Krapf, mwana wa Württemberg, alifika Zanzibar na Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Wilhelm Bleek ndiye aliyezipa lugha hizi jina la Kibantu, akalieneza katika sarufi linganishi aliyoanza kuitoa mwaka 1862. Carl Meinhof alichapisha misingi ya sauti za Kibantu mwaka 1899, sarufi linganishi mwaka 1906, kisha akashika kazi Hamburg mwaka 1909, ambako alimchukua Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo aliyekuwa amefundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Sarufi ya Kinyarwanda ya Padre Eugène Hurel ilitoka katika jarida la Seminari hiyohiyo mwaka 1911, na mwaka 1913 ikafuata kamusi ya Kijerumani na Kinyarwanda ya Félix Dufays. Fikiria kazi ya mtunzi wa kamusi ya namna hiyo. Anafika kwenye sich irren, kukosea, ambayo kwa Kijerumani ni kana kwamba mtu amejipotosha. Mbele yake kuna kwibeshya, ambayo ni i pamoja na kubeshya, kusema uongo. Mnyarwanda aliyekosea amejidanganya. Mawazo yamefanana kana kwamba watu hawa walikaa kikao, ila upande mmoja umeandikwa mich, dich, sich, uns, euch, na upande wa pili herufi moja inatosha: ndibeshya, uribeshya, turibeshya.

Herufi hiyo si mali ya Rwanda peke yake wala si ya jana. Mbelgiji A. E. Meeussen, alipojenga upya sarufi ya Kibantu cha kale katika kazi yake ya mwaka 1967, aliweka ndani yake kiambishi kimoja cha kujirejelea kwa nafsi zote, na watoto wake wametapakaa: ji ya Kiswahili, i ya Kinyarwanda na Kirundi, e ya Kiganda, zi ya Kizulu. Kimeingia hata katika siasa. Uhuru wa Rwanda wa tarehe 1 Julai 1962 unaitwa ubwigenge, kutoka kugenga, kuongoza. Jirani zao wa Burundi, waliopata uhuru siku ileile, husema ukwikukira. Waganda wana ameefuga. Nasi tulidai kujitawala. Kila moja ya maneno haya limebeba kiambishi hicho tumboni. Ni lazima kuwa na tahadhari, kwa kuwa si kila kwi- ya Kinyarwanda ni ya kujirejelea. Kwiga, kusoma, na kwibuka, kukumbuka, mizizi yao yenyewe inaanza na i, kama ambavyo ji ya jicho na ya jitu hazina habari na ji ya kujiona. Vilevile maana ya kitenzi cha aina hii mara nyingi haihesabiki kwa kujumlisha sehemu zake. Mgeni anayeuliza kujisaidia ni kumsaidia nani atachekwa, lakini hata Mjerumani mwenyewe hutapika kwa kitenzi sich übergeben, ambacho kijuujuu ni kujikabidhi.

Pingamizi la pili ni la kisarufi. Sich ni neno, linaweza kusimama mbali na kitenzi chake, hata mwisho kabisa wa sentensi ndefu. Ji ni kiambishi kisichoweza kutembea peke yake. Je, si kulinganisha mwembe na embe? Jibu ni kuangalia ji inakaa wapi. Inakaa katika nafasi ileile ya ni, ku, m, tu na wa za mtendwa: ananiona, anakuona, anamwona, anajiona. Ikiingia yenyewe, nyingine hutoka. Inafanya kazi ya kiwakilishi na kukaa kwenye kiti cha kiwakilishi, ila kiti chenyewe kimeunganishwa na kitenzi. Kinyarwanda kinatoa ushahidi bora zaidi, kwa sababu chenyewe huruhusu viambishi kadhaa vya mtendwa na mtendewa kupanga foleni ndani ya kitenzi kimoja, na katika foleni hiyo i ya kujirejelea hukaa ya mwisho, ubavuni mwa mzizi. Mnyarwanda Alexandre Kimenyi alieleza mpangilio huu katika sarufi yake ya mwaka 1980. Tena tumekwisha kuona Uswisi na Skandinavia kwamba neno huru la jana ndilo kiambishi cha leo. Tofauti kati ya sich na ji ni ya umbali zilizokwisha kwenda katika barabara moja.

Linabaki pingamizi ambalo walimu hulipenda: kubadilisha mich, dich na uns huleta ufafanuzi, na lugha inayoacha kubadilisha inapoteza habari. Habari gani? Katika ich freue mich, ich imekwisha kusema ni nani anayefurahi; mich inarudia. Katika ninajiona, ni imekwisha kusema. Hakuna wa kumfafanulia zaidi. Na kama ufafanuzi ungekuwa ndio sababu, sich yenyewe isingevumiliwa, maana haitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mmoja na wengi, mambo ambayo Kijerumani huyapigania kila mahali pengine. Hata hivyo nakiri sehemu moja ambapo sanifu inapata faida ya kweli. Kitenzi kikibaki bila mtendaji, kama katika ni wakati wa kujiandaa, Kiswahili hakisemi nani ajiandae, lakini Mjerumani akitumia uns anakuwa amejitaja yeye na wenzake. Ni faida ndogo, na sioni kwamba imewahi kumkwamisha Mswahili anayesubiri basi. Ila ipo, na mwenye kushindana kwa haki huitaja.

Gikondo kuna mashahidi wengine ambao Kandt, mzaliwa wa Posen, angeitambua lugha yao. Mapadre wa Kipallottine kutoka Poland walifika Rwanda mwaka 1973, na parokia ya Gikondo ikawa moja ya makao yao. Padre wa Kipolandi hakuhitaji kuelezwa kujifunza ni nini: kwao ni uczyć się, kujifundisha, na się hiyo hukaa vilevile awe anajifunza yeye, wewe au sisi. Katika parokia hiyohiyo, tarehe 9 Aprili 1994, Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisani waliuawa, mapadre na waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa wakiwapo. Mwaka 1999 Rwanda iliunda tume ya taifa ya umoja na maridhiano, na kwa Kinyarwanda maridhiano hayo yaliitwa ubwiyunge. Neno linatokana na kunga, ambalo ni ndugu wa kuunga kwetu. Ndilo limezaa pia abunzi, wapatanishi wa ngazi ya chini wanaosikiliza mashauri ya majirani. Ukiliongezea ile i unapata kwiyunga, kuridhiana. Sehemu kwa sehemu, kwiyunga ni kujiunga, na Mswahili akilisikia atadhani ni habari ya uanachama, kwa kuwa sisi kwa jambo hilo tungetumia -ana, kupatana, tukisema waziwazi kwamba pande ni mbili. Mjerumani yuko upande wa Mnyarwanda. Husema sich versöhnen, na sich yake, ambayo haijawahi kutenganisha kujiona na kuonana, inabeba kujipatanisha na kupatana kwa pamoja. Akiwa wa Berlin, "sisi" wake watatumia uns. Akiwa wa Vienna, huenda akaiacha sich mahali pake. Kinyarwanda hakina uchaguzi huo: turiyunga, muriyunga, bariyunga, na i haigeuki. Haisemi pia ni na nani. Kwa hilo Kinyarwanda huongeza na, kisha jina la mtu.